Puto la Nusu Gesi

Lokaale analala mchana kweupe, kichwa mezani, mdomo wazi, na huyo ndiye mtu anayetegemewa kaskazini nzima aseme mbingu ina nini. Kazi yake ni kurusha puto lenye kifaa cha kupima hewa ya juu, lakini hapo kwenye kituo cha hali ya hewa msimu wa mvua ukiisha hulijaza gesi nusu, eti kubana matumizi, nalo hupanda kwa kujikokota na kuishia njiani. Yaliyobaki wanakisia. Leo amekisia shwari. Dada yake Asekon amepiga simu kuuliza kama avuke uwanda wa mawe meusi na mbuzi na watoto, maana anaona mawingu. Lokaale amecheka, mawingu gani na msimu umekwisha, ngoja nitakupigia, kisha akajilaza, mtaalamu wetu. Sasa anatembea kwenye barabara inayopanda, inapanda tu, na kila anapofika anakuta mji uleule umegeuzwa kama ndani ya kioo, kituo kilekile, na kwenye kila dirisha Lokaale anakoroma, naye anawapita wote akisonya. Mbele anatangulia mtu asiye na uso. Lokaale anamuuliza, hewa ya juu iko wapi? Anajibu, inaanzia unapoishia. Na radi, wakati msimu umekwisha? Anajibu, nani aliiambia umekwisha? Huna adabu wewe, anasema Lokaale, unajua unaongea na nani? Naongea na nusu, anajibu yule, na wallahi kamjibu inavyostahili. Chini yao uwanda unafunguka, Asekon amesimama ukingoni, watoto wamemshika nguo, umeme unamulika mawinguni, anauliza, kaka, tuvuke? Na Lokaale, asiyekubali kuonekana hajui hata mbele ya mtu asiye na macho, anasema, vukeni, anga shwari.

Anashtuka. Meza ileile, mate shavuni, na nje anga limekuwa jeusi. Kwa mara ya kwanza anaogopa kama watu wengine. Anapiga simu. Asekon, msivuke, unanisikia, sijui kilichoko huko juu, sijapima, msivuke.

Upepo unavuma kwenye simu. Kaka, anasema Asekon, si umenipigia sasa hivi ukasema tuvuke? Tuko katikati.

Lokaale anajifinya mkono, anajifinya tena kwa nguvu, akiomba aamke.