Mguu wa Kushoto Ulipopiga Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota mguu wa mume wangu umekuja kuniaga.

Mimi si mtu wa kuota. Nikiweka kichwa kwenye mto nalala kama gunia la muhogo, na mume wangu, Baba Bwire, husema hata paa likiezuliwa nitasimuliwa asubuhi. Kwa hiyo nilipojikuta ndotoni sikujua kama ni ndoto. Nilidhani ni siku ya kawaida.

Ni mchana. Niko jikoni kwangu hapa Musoma, nasonga ugali. Nasonga kwenye sufuria kubwa, ile tuliyoitumia watoto walipokuwa nyumbani. Sasa wameondoka wote, Bwire yuko Mtwara na Nyabise ameolewa Songea, tumebaki wazee wawili na kuku wachache, lakini sufuria sijabadili. Kwetu ugali haupikwi kwa kuhesabu vichwa. Unapikwa pamoja na wa mgeni, maana mgeni hapigi simu, na nyumba ambayo mgeni anaingia akakuta ugali umekwisha ni nyumba ya kusemwa. Mama yangu alipika hivyo, na mimi napika hivyo hivyo. Mgeni asipotokea, Baba Bwire anamalizia, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Baba Bwire ana sukari. Nesi wa kliniki alituambia, huku ameshika kidole gumba cha mguu wake wa kushoto chenye kidonda kisichotaka kupona, kwamba wanga upungue, la sivyo safari ijayo tutazungumza habari za kukata. Nusu ya sahani iwe mboga, alisema, na ugali usizidi ngumi ya mgonjwa. Nilimwitikia vizuri sana. Nikarudi nyumbani nikaacha sembe, nikaanza kusonga unga wa mtama na muhogo, kwa sababu mtaa mzima unasema huo ni dawa ya sukari. Sasa kama kitu ni dawa, unampunguziaje mgonjwa? Nikaongeza.

Basi nasonga, nikasikia mtu mlangoni.

"Hodi."

"Karibu ndani."

Ukaingia mguu. Nilivyouona tu niliujua, wa kushoto, umevaa kandambili ya Baba Bwire, kidole gumba kimefungwa bandeji. Ulikuwa umebeba kimfuko cha soksi. Sikuuliza umekibebaje, kwa sababu ningekuwa namsumbua mgeni kabla hajakaa.

"Habari za mchana, Mama Bwire," ukasema.

"Nzuri. Mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemwacha kitandani. Hana habari kama nimetoka. Siku hizi hanisikii kabisa. Juzi tulikanyaga msumari pamoja, mimi nikalia, yeye akaendelea kuzungumza habari za mpira."

Nikauvutia kigoda. Ukakaa.

"Nimekuja kuaga," ukasema. "Naona ni heri niondoke mwenyewe kuliko kuja kuondolewa na watu nisiowajua."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Wenzangu waliotangulia hawajarudi kusimulia."

Ule mguu naupenda, naomba mnielewe. Ndio uliotangulia kuvuka kizingiti cha baba yangu siku Baba Bwire alipokuja kuposa, viatu vimepakwa rangi mpaka soli. Sikuwa na namna ya kuuzuia isipokuwa ile ninayoijua.

"Mgeni haondoki nyumbani kwangu hajala," nikasema. "Subiri, ugali unakaribia kuiva."

Mguu ukaangalia sufuria, kisha ukaangalia pembeni.

"Huo sili."

"Si sembe. Ni mtama na muhogo. Ni dawa."

"Mama Bwire, dawa hiyo nimeila mpaka kidole kimeoza. Ule ugali wa mgeni unaoupika kila siku, unafikiri unakwenda wapi? Mgeni haji, mwenye nyumba anaumaliza, na kila kinachomalizwa kinashuka. Huko chini ndiko ninakokaa mimi."

Nikageuka kutafuta mwiko. Nilipogeuka tena hatukuwa jikoni. Tulikuwa tumesimama juu ya sahani.

Ni ile sahani ya Baba Bwire ya bati, yenye maua ya bluu ukingoni, ila sasa ni pana kuliko uwanja wa shule. Katikati yake umekaa ugali. Si bonge la ugali, ni mlima wenyewe, unatoa moshi kileleni. Mboga zote zimesukumwa pembeni, na jani moja la mchicha limening'inia ukingoni, linajishikilia kwenye ua la bluu.

"Samahani," likaniambia, "unaweza kumwomba huyu mzee asogee kidogo? Nusu ya sahani hii ni yetu, tuliambiwa na nesi."

Chini ya mlima, kama mlinzi wa geti, ilikaa ngumi ya Baba Bwire.

"Mpaka ni mimi," ikasema ngumi. "Hakuna ugali unaoruhusiwa kunizidi. Tangu mlipotoka kliniki nimekaa hapa nasubiri, na hajaja hata mmoja kujipima."

"Hiyo sheria ni ya sembe," mlima ukanguruma kutoka juu. "Mimi ni mtama na muhogo. Sihusiki."

Nikauzunguka ule mlima nione mwisho wake. Kwa nyuma ulikuwa na milango. Nikagonga wa kwanza, hakuna aliyeitika, nikaufungua. Kilikuwa chumba cha Bwire. Kitanda kimetandikwa, mto umepigwapigwa ukakaa vizuri, na vyote vimefinyangwa kwa ugali, vya moto bado. Chumba cha pili kilikuwa cha Nyabise, na chandarua chake. Cha tatu kilikuwa cha mgeni yeyote. Nyuma yake kulikuwa na vingine, na vyote vilikuwa vitupu na vimetandikwa.

Nikakaa kwenye kitanda cha Nyabise. Joto lake lilikuwa zuri. Nikawaza kwamba ningeweza kukaa pale mpaka jioni.

Mguu ulisimama mlangoni, haukuingia.

"Humu analala nani?"

"Watoto."

"Wapo?"

"Watakuja."

"Leo?"

Nikanyoosha shuka la ugali, ambalo halikuwa na mkunjo wowote.

"Sikuulizi kwa ubaya," mguu ukasema. "Ila wasipokuja wa kulala, mume wako ndiye anayeila nyumba yote."

Nikainuka, nikafunga mlango taratibu kama mtoto amelala ndani. Nje ya mlango palikuwa jikoni kwangu.

"Sasa nikupikie nini?" nikauuliza. "Sokoni sijakwenda. Humu ndani hamna kitu."

"Nipo mimi," sauti ikatoka kwenye kabati. Ilikuwa kabichi, nzima, imenuna. "Huwa nasikia unasema hamna kitu, na mimi nimekaa hapa hapa. Nimezoea."

"Wewe ni mboga ya kusindikiza," nikaiambia.

"Nani alisema? Nikate nyembamba sana, nyembamba kama uzi, nipitishe motoni mara moja tu, usiniache nikalala. Halafu niweke katikati ya sahani, uone kama nitasindikiza mtu."

Chini ya kabati dagaa wakavu wakaitika kwa pamoja, kama darasa. "Na sisi tupo, mwalimu! Tuoshe kwa maji ya moto kwanza, tuna mchanga!" Karanga zikagongagonga chupa yao. Ndimu ikasema ipo tayari, kama tutavumilia maneno yake makali. Kulikuwa na mayai pia, ila hayakusema kitu. Nadhani umri wao ulikuwa bado mdogo.

Nikachukua mwiko. Mwiko ukakataa.

"Mimi nasonga," ukasema. "Sikaangi. Kila mtu ana fani yake."

Nikachukua kijiko. Lakini jiko ni moja, na juu yake imekaa sufuria kubwa. Nikaishika masikio niitue. Haikusogea. Nikaongeza kanga mikononi nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haikusogea.

"Unaniondoa bila kunijibu?" sufuria ikauliza. Ilikuwa na sauti nzito, haina haraka.

"Umeniuliza nini?"

"Nakuuliza kila siku unaponibandika. Leo tunapikia wangapi?"

"Wawili na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Yeyote atakayekuja."

Nikajaribu kuiinua. Ilikuwa imezidi uzito. Pembeni, mguu ulianza kuufunga mfuko wake.

"Wawili na Bwire," nikasema haraka. "Huenda akapata likizo. Na Nyabise, kama mume wake atamruhusu, na mtoto. Mtoto hali sana."

Jiko likaanza kuzama sakafuni kwa uzito. Mguu ukasimama, ukaingiza vidole kwenye kandambili vizuri, ukaelekea mlangoni.

"Ngoja!" nikasema.

Nisiwafiche, nililia. Nililia pale jikoni kwangu mbele ya kabichi na dagaa, kwa ajili ya neno dogo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Nilikuwa sijawahi kulitamka peke yake.

"Wawili," nikasema. "Leo tunapikia wawili. Hakuna anayekuja."

Sufuria ikaja mikononi mwangu nyepesi kama kikombe. Haikukasirika wala haikunicheka. Nilipoiweka chini ilijiendea yenyewe stoo, ikapanda rafu ya juu, ikajigeuza kifudifudi.

"Wakija," ikasema kutoka huko, "mimi nipo."

Basi nikapika. Nikakata kabichi nyembamba kama ilivyotaka, nikaipitisha motoni na kitunguu, nikainyunyizia karanga nilizoziponda nusu nusu. Dagaa nikawaosha kwa maji ya moto, nikawakaanga mpaka wakaanza kugombana kwenye karai, nikawakamulia ndimu, ambayo ilisema maneno yake makali na wakayavumilia. Mayai nikayapiga na lile jani la mchicha, ambalo lilikuwa limefika jikoni kwa miguu, limechoka. Mwisho nikasonga ugali mdogo kwenye kisufuria cha chai. Mwiko ukaingia kwa shida lakini ukafurahi kupata kazi.

Ngumi ya Baba Bwire ikaja mezani kuupima. Ikakaa karibu na ule ugali, bega kwa bega. Walilingana. Ngumi ikafunguka taratibu, ikawa mkono, ikajilaza kwenye kitambaa cha meza kupumzika.

Mguu ukala. Sikuuliza unakulaje. Ulichovya kidole kwenye kabichi na kabichi ikawa inapungua.

Nilikaa mbele yake nikiutazama, na kwa kweli niliogopa kuliko siku ya kliniki. Kliniki nilikuwa na nesi wa kumlaumu. Hapa nilikuwa na sahani yangu tu.

"Imekosa chumvi?" nikauliza.

"Haijakosa kitu."

"Umeshiba?"

Mguu ukafuta kidole ukingoni mwa sahani.

"Nimeshiba. Siku zote hizi nilikuwa navimba tu."

"Basi utakaa?"

Ukaufungua mfuko wake. Ukatoa soksi moja, ukaiweka juu ya meza. Zilizobaki ukaziacha humo humo ndani.

"Leo nakaa," ukasema. "Kesho utanipikia nini?"

Nikafungua kinywa nijibu, nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kuku wetu walikuwa wanaparua ukuta wa nje. Nilifunua shuka upande wa chini kabla hata sijafikicha macho, nikaangalia. Miguu ilikuwa yote, ya kulia na ya kushoto. Nikaushika wa kushoto kisiginoni.

Baba Bwire akafumbua jicho moja.

"Unatafuta nini huko chini, Mama Bwire?"

"Namwangalia mgeni."

"Tuna mgeni?" Akajiinua kwenye kiwiko. "Na mimi nimelala tu! Haya, ukasonge wa kutosha."

"Huyu hali ugali."

Nilisubiri aanze. Kwa kawaida hapo angeuliza ni mgeni wa kabila gani asiyekula ugali, na tungebishana mpaka chai ipoe. Lakini alijilaza tena, akatazama dari, ameweka mkono wazi juu ya tumbo.

"Hata mimi," akasema polepole, "usinipikie mwingi. Sijui nimekula nini usiku. Nimeamka nimeshiba."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, lakini si tumboni." Akanitazama kwanza aone kama naelekea kucheka. Sikucheka. Akaonyesha kwa kidevu mwisho wa kitanda, pale nilipokuwa bado nimeushika. "Usimwambie mtu. Nimeshiba huko."