Waanikaji Kumi na Wawili

Kosa lilikuwa lao wenyewe, na hilo ndilo lililomkera Anastazia zaidi. Shamba la katani la serikali, nje kidogo ya mji wa Pangani, lilikuwa limefufuliwa kwa masharti mapya: lijiendeshe kwa faida, asilipwe mtu asiyehitajika. Makao makuu wakamtuma Ayubu, kijana wa suruali iliyonyooka pasi, aje apime kazi. Jumatatu alisimama juani na saa yake, akawatazama wanawake kumi na wawili wakianika kwenye waya singa mbichi, nyuzi za katani zilizotoka mashineni. Kwa muda wa saa mbili tu, waya zote zimejaa!

Jumatano akarudi na jibu. "Shikamoo mama," akasema, na hata marahaba hakuingoja. "Saba wanatosha. Wewe ndiye mnyapara wao, nipe majina matano ya kuondoka."

Matano! Anastazia aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Amtoe nani, Zuwena mwenye wajukuu wanne? Brightness, aliyehangaika miaka ndipo akapata ajira juzijuzi? Angeweza kulia, ila yeye si mtu wa kulia mbele ya watoto wa mjini.

"Majina utayapata," alisema. "Kwanza vua hivyo viatu, uanike na sisi mpaka saa nane."

Kwa heshima ya umri wa mama huyo, Ayubu akavua. Alianza kwa mbwembwe. Kufika saa nne shati limemganda mgongoni. Singa zenye maji ni nzito ajabu, na utomvu wake unawasha vibaya mno. Saa tano aliketi chini akijikuna mikono, wanawake wakamcheka bila huruma.

"Kasi ya juzi," alisema akihema, "mnaiwezaje kutwa nzima?"

"Hatuiwezi."

Ayubu akatoa daftari, akapiga hesabu upya. Kumi wabaki kwenye waya. Wawili wahamie kitalu cha miche, ambako watu walikuwa hawatoshi kweli. Anastazia alikubali kwa moyo mweupe, maana hata yeye alijua kuna siku walikuwa wakigongana tu pale. Hakuna ambaye kibarua chake kiliota nyasi.

"Lakini mama," Ayubu aliuliza, bado anajikuna, "Jumatatu mlijua nawapima. Mngejikokota, ningeandika mnahitajika wote. Mbona mlikimbia vile?"

Anastazia alimshangaa.

"Ulikuwa umesimama juani, baba, hujanywa hata chai. Tungekuacha hapo mpaka saa nane?"