Mito ya Uchina

Immakulata alikuwa kwa dada yake Consolata, Bilele mjini Bukoba, akimenya ebitoke, ndizi za kupika mchana, runinga ilipoonyesha maji yamefika madirishani mwa nyumba za watu. Uchina, alisema mtangazaji. Kisu kilimponyoka. Binti yake Lilian alikuwa huko Uchina, akisomea malisho ya mifugo.

Alipiga simu, haikuita. Alituma ujumbe, ukabaki na tiki moja.

"Uchina ni kubwa, dada yangu," Consolata alimtuliza.

"Ukubwa unazuia maji?"

Hakungoja chakula. Alirudi kijijini kwake Ijumbi siku ileile, na asubuhi akaenda moja kwa moja shule ya sekondari kumtafuta Mwalimu Byabato, aliyemfundisha Lilian jiografia. Alimkuta mlangoni mwa darasa, chaki mkononi.

"Mwalimu, maji yamemchukua mwanangu?"

Byabato alimtazama macho yaliyovimba. "Yuko mji gani, mama?"

"Lanzhou."

"Ingia, mama waitu. Leo tunasoma Uchina."

Wanafunzi walisimama wakamwamkia, kisha wasichana wawili wakasogea kumpa nafasi. Miaka mingi Immakulata hakuwa ameketi kwenye dawati. Magoti yaligonga mbao zake.

Byabato alichora nchi ile ubao mzima. Magharibi akaweka uwanda wa juu wa Tibeti, kunakozaliwa mito mikubwa. Kaskazini akaweka jangwa la Gobi. Akavuta Yangtze, mrefu kuliko yote, na juu yake Huang He, uliojipinda kama nyoka aliyeshtuliwa, maji yake ya manjano kwa udongo unaobeba.

"Na Lanzhou?" Immakulata aliuliza.

Mwalimu aliweka chaki kwenye mpindo wa mto. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Lanzhou iko hapa. Huang He unapita katikati ya mji."

Darasa zima likamgeukia mama yule. Alishika ukingo wa dawati.

"Ngoja kwanza, mama. Jana kwenye habari waliitaja Guangdong?"

"Walilisema hilo jina. Mara nyingi."

Byabato alishuka na chaki hadi kusini kabisa, karibu na bahari, akachora mto mwingine. "Guangdong ni huku. Maji yake ni ya Mto Lulu. Kutoka huku hadi kwa Lilian ni mbali kuliko kutoka Bukoba hadi Mtwara. Katikati kuna Yangtze wenyewe, na kuna milima ya Qinling. Mto Lulu haujawahi kuonana na Huang He." Akamgeukia. "Rufiji ukifurika, Mto Ngono hapa Kagera unaongezeka?"

"Hauongezeki," Immakulata alijibu polepole. "Ngono hauna habari."

"Basi hata Huang He hauna habari. Tena huko kwake ni kukavu. Mvua yao ya mwaka mzima haifikii masika yetu ya hapa Muleba."

Immakulata aliinuka akaenda ubaoni. Aliweka kidole Guangdong, akakipandisha taratibu, akavuka Yangtze, akavuka milima, hadi Lanzhou. Pumzi aliyoishikilia tangu Bilele ikamtoka kwa kishindo, na wasichana wa dawati lake wakacheka, naye akacheka pamoja nao huku machozi yanamtiririka.

"Lakini simu?" alikumbuka.

"Simu sijui," Byabato alikiri. "Mafuriko ndiyo najua."

Immakulata alitosheka na hilo. Alikaa hadi kipindi kikaisha, akauliza watu wa jangwani wanakula nini na Tibeti wanalima nini, na akaondoka na njaa ya siku mbili.

Lilian alipiga mchana wa siku iliyofuata, mama akiwa kibanjani anakata majani makavu ya migomba. Walikuwa wamepelekwa nyikani kupima nyasi za kondoo, mahali pasipo na mtandao.

"Shikamoo mama. Mama mkubwa Consolata ameniandikia ujumbe kumi na tano! Kuna nini?"

"Marahaba. Mvua imenyesha huko?"

"Wapi! Vumbi tupu."

"Nilijua," Immakulata alisema, akaketi juu ya majani aliyoyakata. "Ninyi mko kaskazini ya Qinling."

"Mama, nani kakwambia habari za Qinling?"

"Nimesoma," alisema. "Haya, niambie hao kondoo wakoje."