Ukuta wa Kahindo

"Nishushe pale kwa bustani ya mama Ramla!"

Kahindo aliisikia sauti hiyo akiwa ameinama, bidoni la maji mgongoni, kamba ikimbana kwenye paji la uso. Aliyesema hakuwa hata mkazi wa Ndosho, mtaa wao wa pembeni mwa Goma. Alikuwa mwanamke wa katikati ya mji, mkoba mapajani, amekaa upande kwenye pikipiki. Na dereva hakuuliza ni wapi. Alikata kona akaenda moja kwa moja, kama mtu aliyetajiwa kanisa kubwa au soko. Siku hizi hata wasiojua jina la barabara walijua bustani ya mama Ramla. Kahindo akatema mate pembeni. Bustani ya mama Ramla! Kwani yeye Kahindo amekufa, amezikwa?

Ukweli wenyewe ni huu, na ndio uliokuwa ukimla roho. Kiwanja kile kilikuwa jalala. Mawe meusi ya volkano yalikuwa yamelala pale, makali, yakikata ndala za watu, na juu ya mawe kila mtu alitupa alichochoka nacho: maganda ya ndizi, matambara, hata mbwa aliyekufa. Wa kwanza kuingia na nyundo alikuwa Kahindo. Alivunja mawe pembezoni, akaokota udongo huku na huku kwa beseni, akapanda maharagi. Watu walimcheka, wakamwita mama wa jalala. Maharagi yalipotoka walinyamaza, lakini hakuna aliyempa hongera.

Ndipo akaja Ramla. Ramla alikuwa jirani yake, mke wa Yuma dereva wa malori, binti wa familia ya Waislamu wa Kimaniema iliyokaa mtaa wa Majengo miaka mingi. Kitambaa chake cha kichwa hakikosi pasi hata siku ya kufua. Alikwenda kwenye mafunzo fulani akarudi na neno jipya, permakiltiri. Usipindue udongo, alisema. Lundika maganda, majivu, kinyesi cha sungura, hata machicha ya kasiksi, yeye ambaye pombe haikuwahi kupita mdomoni mwake! Funika kwa nyasi kavu. Na mawe usiyatupe: yapange duara kuzunguka kila tuta, maana jiwe la volkano linakunywa jua mchana na kuupasha mmea joto usiku, tena linazuia maji yasikimbie. Wanawake wa mtaa wakamfuata. Kabla mwaka haujaisha jalala likawa maduara ya kabichi, lengalenga, puwaro na selari, na vijia vikipita katikati kila upande.

Kahindo alikulia vilimani karibu na Butembo, ambako shamba ni mistari iliyonyooka na mkulima ni mkulima. Kwake yeye, kulima duara kulikuwa mapambo tu. Shida ni kwamba kabichi za mapambo zilizidi zake kwa unene, hata naye akaishia kupanga maduara.

Na kilichomuudhi kuliko vyote, Ramla hakuwa na ubaya. Angekuwa na maringo, Kahindo angepata pa kushikia. Lakini wapi! Kila asubuhi ni "Dada Kahindo, uliamuka je?" na kila msimu anamletea miche mkononi, iliyofungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Kahindo aliipokea kwa shingo upande, akaipanda, ikaota, naye akazidi kuumia.

Kisha wakaja wageni wa yale mafunzo, na kamera zao. Walimweka Ramla katikati. Kahindo alisimama mwisho wa mstari, akatabasamu mpaka mashavu yakauma, na picha ilipofika mtaani kwenye simu za watu, aliyeonekana ni mkono wake peke yake. Mkono! Kesho yake akashika mawe. Alivunja maduara yote ya upande wake, akapanga ukuta. Huko Goma nani asiyejua kupanga mawe? Alianzia nyuma ya kiwanja akaja mpaka barabarani, akakunja kona, akaendelea pembeni ya barabara, ukuta mnyoofu, unaofika kiunoni, jiwe limekaa juu ya jiwe bila hata tone la saruji. Watu wajue huku ni kwa nani.

"Dada, juu ya nini unajenga ukuta?" Ramla alimuuliza.

"Kuku," Kahindo akajibu. "Kuku banamaliza mboga yangu."

Ramla akacheka kidogo, akasema basi, kama ni kuku. Bustani nzima haikuwa na kuku.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Leo Kahindo alipofika nyumbani na bidoni lake alimkuta papa Émile, mwenye nyumba, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Papa Émile akivua kofia ujue hakuna heri.

"Mama Kahindo, mutoto wangu anaoa," alisema. "Nyumba hii atakaa yeye. Mwezi huu ukiisha, utanisamehe."

"Papa Émile, nitaenda wapi na batoto?"

"Hata miye najiuliza. Miye si mutu mubaya, mama. Mutoto anaoa."

Akavaa kofia yake akaondoka. Kahindo alibaki na kamba ingali kichwani. Mume wake alikwenda Walikale kutafuta madini na simu yake ilikuwa haipatikani tangu mvua za mwaka jana. Watoto walikuwa shuleni. Na Goma hii, watu wamejaa mpaka kwenye veranda. Chumba kikitajwa asubuhi, mchana kina mtu. Jirani tu hapo, kwenye veranda ya nyumba ya pili, alikuwa akilala mama Furaha na watoto wake, waliokimbia vita huko mbele ya Sake. Kila siku Furaha alipalilia bustanini akapewa majani ya kupika, usiku akalala kwenye saruji. Kahindo aliitazama ile veranda kwa macho mengine leo. Ilikuwa fupi, na ilikuwa imeshajaa.

Alikwenda bustanini ili asilie. Akamkuta shefu wa barabara yao, kiongozi wa serikali ya mtaa, shefu Bienvenu, anaupapasa ukuta kwa kiganja, na nyuma yake bwana mmoja mwenye viatu vya kahawia, akiinua miguu juu juu asije akakanyaga mbolea.

"Ukuta muzuri!" shefu alisema. "Nani aliujenga?"

"Ni miye, shefu."

"Kumbe uko fundi!" Akamsogeza kando, akashusha sauti. "Mama, umetusaidia sana. Mbele hapa haikukuwa kitu. Maduara, maduara, batu wanaingia huku, wanatokea kule. Mutu akikuya kutafuta parseli, kiwanja ya kununua, nitamuonesha nini? Kabichi? Lakini sasa kuko ukuta. Kama kuko ukuta, kuko mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Shefu akaelekeza kidevu kwenye viatu vya kahawia. "Yule bosi. Parseli ni yake. Alikuwa hajajua tu."

Kahindo alidhani ni mzaha, akataka kucheka. Shefu hakucheka.

"Sikiliza. Bosi hakai Goma. Atahitaji sentineli, mulinzi. Sentineli anajengewa nyumba ya mbao mule ndani, anakaa pale na batoto wake, hakuna mutu wa kumuuliza kodi. Nilimuambia bosi, mama Kahindo ni mutu wa kazi. Jua likianza kushuka nitaita batu hapa. Utasema kitu moja tu: ukuta huu uliujenga juu bosi alikutuma. Basi. Nitaandika, itakuwa imeisha."

"Na bamama wengine?"

"Bavune yao, baende. Wewe utabakia."

Kahindo akarudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Nyumba! Nyumba ya mbao, ndani ya kiwanja alichokifungua yeye kwa nyundo yake! Papa Émile aozeshe watoto wake wote siku moja akipenda. Alipika lengalenga huku akijiona amesimama kwenye geti, ufunguo shingoni, na Ramla yuko nje na kitambaa chake kilichopigwa pasi, anaomba: dada, naweza kuingia? Naye anajibu taratibu, ngoja kwanza nimuulize bosi. Akacheka peke yake mpaka watoto waliorudi shuleni wakamuuliza kuna nini. Aliwaambia wale.

Alipotoka, mama Furaha alimwita kutoka veranda, mtoto mgongoni.

"Mama Kahindo, ni kweli banasema wanachukua bustani?"

"Sijue."

"Sasa tutakula nini?"

"Nimesema sijue!" Kahindo akamfokea, akaharakisha, na uso ulimwaka njia nzima.

Jua lilikuwa limeanza kushuka, na wanawake wote wa bustani walikuwa wamefika, wengine na mafyekeo yao mkononi. Shefu Bienvenu alisimama penye kona ya ukuta, karatasi juu ya jiwe, akawaeleza kwa sauti tamu kwamba serikali inawashukuru kwa usafi waliofanya, kwamba mwenye parseli amepatikana, na kwamba vitu vyote sasa vitakwenda kwa utaratibu. Kelele zikaanza. Utaratibu gani! Mwenyewe alikuwa wapi siku za mbwa aliyeoza? Shefu aliinua mkono, akasema hakuna haja ya kupigizana makelele, kuna shahidi.

Ramla akasimama kabla shahidi hajatajwa.

"Shefu, miye nilikuya hapa nyuma," alisema, na sauti yake haikupanda. "Batu wanasema bustani ya mama Ramla, lakini ni uongo. Mutu wa kwanza hapa ni dada Kahindo. Nilimuona na macho yangu, na nyundo yake, na mulikuwa munamucheka. Permakiltiri yangu ingeota wapi kama yeye hangevunja mawe? Miye nilimufata tu. Kama hapa kulikuwa mwenyewe, yeye njo angemuona. Mumuulize yeye. Neno lake ndilo nitakubali."

Ni kweli, sauti moja ikasema. Ni kweli kabisa, yeye njo alianza. Na vichwa vyote vikageuka kwa Kahindo.

Maneno hayo alikuwa ameyangoja misimu na misimu. Alikuwa ameyaota, akiwa anachota maji, akiwa anapalilia: siku moja huyu atasema mbele ya watu. Sasa amesema, tena mwenyewe, bila kuombwa, na Kahindo angelipa chochote ayarudishe mdomoni mwake. Alimchukia Ramla wakati ule kuliko siku zote. Hata leo! Hata leo lazima awe mwema?

"Sema, mama Kahindo," shefu alimhimiza, kalamu tayari. "Nani alikutuma kujenga ukuta huu?"

Aliwaza nyumba. Aliwaza watoto wake kwenye veranda ya watu, mvua ya Goma ikiingia upande. Akafungua mdomo.

"Hakuna mutu alinituma."

Shefu akatabasamu, kama vile hakusikia vizuri. "Mama, fikiri."

"Nimefikiri. Bosi simujue, nimemuona leo. Ukuta niliujenga juu ya wivu."

"Juu ya nini?"

"Wivu! Hamujue wivu? Wivu ya Ramla!" Na sasa yalipokwisha kutoka hakuweza kuyazuia. "Juu ya kabichi zake. Juu ya ile picha mulikata miye mukabakisha mukono. Kila mutu Ramla, Ramla, hata pikipiki! Nikavunja maduara, nikatafuta mupaka, batu waone huku ni kwangu. Hakukuwa kuku. Hakukuwa bosi. Ni miye na roho yangu mubaya."

Mtu mmoja akacheka, akakatiza. Ramla alimtazama, akautazama ukuta, akarudi kumtazama. Aliinua mkono kwenye kitambaa chake kama anayetaka kukinyoosha, akauacha.

"Dada," alisema, "si ungeniambia?"

Alikwenda kwenye maduara yake, akapiga magoti, akaanza kukata kabichi, kubwa kwa ndogo, akiziweka kwenye kitenge alichokitandika chini, kama mtu anayehama.

Shefu Bienvenu alikuwa ameshusha kalamu. Alimtazama bosi, bosi akatazama saa yake.

"Mama, wivu hatuandikake," shefu alisema, na hakuwa hata na hasira. "Hakuna nafasi yake hapa kwenye karatasi. Wivu ao si wivu, ukuta umesimama, batu wote banauona." Akageukia watu. "Bon. Nani mwengine alijenga? Namaanisha, nani mwengine bosi alimutuma? Sentineli anakaa bure. Nyumba ya mbao, na bati mupya."

Walikuwa wapangaji wote pale, ukiondoa mmoja au wawili, na kila mmoja aliangalia miguu yake. Mafyekeo yalishuka. Upande wa pili kisu cha Ramla kilisikika kikikata.

Kisha mkono ukainuka nyuma ya watu. Alikuwa mama Furaha.

"Ni miye," alisema.

"Sauti, mama."

"Ni miye nilijenga. Bosi alinituma."

Wanawake wakafyonya. Mmoja akasema ee Mungu wangu, akajifunika uso. Mikono ya Furaha ilikuwa haina hata mkwaruzo wa jiwe, na kila mtu aliiona, na shefu aliiona pia, akamuuliza jina lake kamili, akaandika polepole kwa mwandiko mzuri. Mtoto mgongoni akakohoa. Furaha akamtikisa kidogo bila kugeuka, macho yake yako pale ndani ya ukuta, kwenye lengalenga za Kahindo, kama anayepima mlango utakaa wapi.

Kahindo alitaka kumtukana. Alitafuta tusi, kubwa, la Butembo, na hakulipata. Alimtazama tu yule mwanamke wa veranda anavyoelekezwa mahali pa kuweka kidole cha wino, akasikia kitu kinapanda kifuani mwake, kitu anachokijua vizuri, kilekile cha kabichi na cha picha. Alikuwa akimwonea wivu.