Cheni Mpya, Sproketi Kuukuu

Cheni iliruka pale kwenye kona ya misaji, barabara ya sokoni inapoanza kupanda kwenda kijiji cha Ngrandu. Miguu ya Mbah Lasmi ikazunguka bure. Hilo halikuwa jipya. Meno ya sproketi ya mbele yalikuwa yamelika mpaka yakapinda upande mmoja, na cheni yenyewe ilikuwa imerefuka hadi inaning'inia. Jipya lilikuwa uzito kwenye keria. Aligeuka, akamwona mumewe, Sukardi, amekaa juu ya kapu tupu la tempe, vipande vya soya iliyochachushwa anavyouza sokoni, akiwa na shati lile lile alilovaa siku walipompakia kwenye lori.

Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu siku hiyo. Mwaka ule walichukuliwa wanaume wengi, wa chama cha wakulima na wa kusingiziwa tu. Hakuna aliyerudi, wala hakuna aliyeambiwa walifia wapi, na lini. Hilo la lini ndilo lililomtafuna Lasmi. Khitma husomwa siku ya arobaini, ya mia, kisha ya elfu, ndipo marehemu huachiwa aende zake. Bila siku ya kufa, utaanza kuhesabu wapi?

“Samahani, Mbah,” alisema Sukardi, maana ndivyo vijana wanavyowaita wakongwe wote. “Nakulemea?”

“Unanilemea. Ulikufa lini?”

“Hayo hayasemwi njiani, Mbah. Nifikishe nyumbani, nitamwambia mke wangu.”

Mbah Lasmi akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Cheni ikaruka, ikaruka tena, na katikati ya mlima keria ikawa nyepesi, Sukardi hayupo tena. Ikawa hivyo kila siku ya soko.

Fundi Giyo aliinua cheni kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa. “Mbah, hii si cheni tena, hii shanga ya kiunoni.”

“Nina abiria.”

“Nimesikia. Bwana Sukardi.” Giyo akafuta mikono kwenye kaptura. “Tatizo sproketi ya aina hii haitengenezwi siku hizi.”

“Basi funga cheni mpya peke yake.”

“Itagoma. Hizi zimelika pamoja, Mbah, zimezoeana. Ukileta mpya, haitaijua hii kuukuu.”

“Wewe funga. Maneno mengi kama kuku aliyetaga!”

Akafunga. Cheni mpya ilipanda juu ya meno badala ya kukaa katikati yake, ikawa inaruka hata kwenye tambarare, hata keria ikiwa tupu. Mbah Lasmi aliikokota baiskeli mpaka kwa Giyo. Fundi akarudisha cheni ya zamani, na kwa huruma yake hakumkumbusha kwamba alimwonya.

Soko lililofuata, kwenye kona ya misaji, Mbah Lasmi hakukanyaga tena. Alishuka, akashika usukani, akaanza kusukuma. Giyo, aliyekuwa akimngoja kando ya barabara, alishika keria kwa nyuma. Wakampandisha Sukardi taratibu, wakipumzika kila penye kivuli.

Walipita mbele ya nyumba ya Mbah Darmo. Huyu ndiye aliyewaonyesha wenye lori nyumba za kuingia, na sasa hakuna shughuli kijijini inayoanza kabla hajaketi mkeka wa mbele.

“Kardi! Umeadimika wewe!” aliita kutoka barazani.

Sukardi aliinama kama mtu anavyomwinamia mzee asiyemfahamu. Darmo akaendelea na kahawa yake.

Nyumbani, Sukardi aliketi kwenye benchi, akatazama huku na huku. “Lasmi yuko wapi?”

“Ni mimi.”

Akacheka kidogo, kwa adabu. “Mbah naye kwa utani! Lasmi bado binti mbichi.”

Mbah Lasmi alimwonyesha kovu la kuungua mafuta mkononi. Akamtajia mahari waliyopatana na jina la mbuzi wao wa kwanza. Sukardi alisikiliza yote, akasema inaonekana Lasmi humsimulia Mbah mengi. Lakini siku ya kufa kwake atamwambia mwenyewe, hilo ni la mtu na mkewe.

Mbah Lasmi alienda kulilia jikoni. Siku ya lori aliumia, lakini siku ile angalau Sukardi aligeuka akaliita jina lake.

Tangu hapo Sukardi yupo. Majirani wakipita humuuliza, “Mkeo hajarudi tu?” naye hujibu, “Bado.” Khitma haijasomwa. Kule msituni misaji inaendelea kunenepa, na hakuna aliyepeleka jembe kutafuta mifupa chini yake.

Jioni Mbah Lasmi hupakua wali na tempe ya kukaanga. Sukardi hula nusu, kisha husogeza sahani.

“Hiki mwekee Lasmi, Mbah. Atarudi na njaa.”

Mbah Lasmi hukifunika kwa kawa. Asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, hukila mwenyewe, kimeshapoa.