Sakafu ya Sinema ya Sufiani

Bi Kudra alikuwa amepiga magoti ukumbini, ananyunyizia maji sakafu ya udongo na kuishindilia kwa kiganja. Ufagio haukuingia humo. Ukifagia, vumbi linapanda; likipanda, watu wanapiga chafya, picha haisikiki. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu mumewe, Sufiani, siku alipoleta mashine ya sinema machimboni Nyarugusu kutoka Kahama, imeviringishwa kwenye godoro juu ya lori la tumbaku.

Mvua ya usiku ilikuwa imepita kwenye bati kama maji kwenye chekecheo. Benchi zimelowa, nguzo ya kati imeliwa na mchwa. Mashine ilikufa zamani. Ikaja deki ya video, ikaja televisheni, halafu zikaja simu, na mwenye simu hahitaji benchi ya mtu. Waliobaki ni wachimbaji wachache, wanaotoka mashimoni jioni na tope miguuni, unga wa mawe umewaganda mpaka kwenye nyusi. Bi Kudra aliwategea kitendawili mlangoni. Anayetegua anaingia bure.

"Watu wangu hufa kila jioni, kesho wako hai."

"Sinema, Mayu. Hicho ulitega juzi," Masalu, mmoja wa wachimbaji hao, alimwambia jana yake, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na juzi uliingia bure. Leo lipa."

Asubuhi hiyo Masalu alikuja kumchimbia shimo la nguzo mpya. Alipiga sururu, akachota udongo, akausugua kidoleni.

"Mayu, nipe karai."

Waliuosha bombani, mchana kweupe, mbele ya foleni ya ndoo. Maji yaliondoka na tope, ukabaki mchanga mweusi, na pembeni yake mstari wa njano mwembamba kama kope.

"Miaka yote tunakumwagia dhahabu kwa miguu," Masalu alisema. "Una bati jipya humu, Mayu."

"Bati tu? Na mlango."

Walicheka wawili. Kwenye foleni hakuna aliyecheka.

Alasiri mwenyekiti wa kitongoji, Ignas, alifika na Donatus, msimamizi wa mwenye leseni ya uchimbaji. Buti za Donatus hazikuwa na tope. Walikaribishwa benchi, hawakukaa.

"Bi Kudra," Ignas alianza, "unafahamu uko ndani ya leseni ya bosi."

"Niko ndani ya nyumba yangu. Leseni imenikuta."

"Nyumba ni yako, nani kakataa?" alisema Donatus. "Juu ni kwako. Chini ni kwa bosi."

"Chini ipi? Huu udongo haukutoka chini. Umeingia kwa mlango, kwa miguu ya watu, na wengine walikata tiketi."

Ignas alicheka kidogo. Akamwona Donatus hacheki, akaacha.

"Utalipwa fidia," alisema Donatus. "Mabati, nguzo, benchi."

"Na sakafu?"

"Sakafu ya udongo haina bei, Mama."

"Kama haina bei, niachieni."

Donatus alimgeukia Ignas. "Mweleze bibi yako. Sikuja kutegewa vitendawili."

"Mama, hata mimi picha yangu ya kwanza niliiona hapa," alisema Ignas, anatazama bati. "Lakini ukikataa, watakuja na askari."

"Uliiona dirishani, Ignas. Hukulipa."

"Ndiyo, Mama."

Walikuja na askari. Waliezua bati, wakatoa benchi, wakaanza kuparua sakafu kwa majembe na kuijaza kwenye viroba vya kupeleka kuchenjuliwa dhahabu. Bi Kudra alikaa kwenye benchi ya mwisho mpaka jembe lilipogonga mguu wa benchi. Waliparua hadi ardhi nyekundu, wakakwangua mpaka msingi. Ukuta mweupe wa picha waliuacha umesimama. Huo haukukanyagwa na mtu.

Penye mlango palifungwa kamba. Kila anayetoka, sharti aoshwe miguu ndani ya karai, asije akatoka na mali ya bosi. Aliyeshika kopo la maji alikuwa Masalu, amevaa fulana mpya ya kibarua.

"Miguu, Mayu."

"Hata mimi?"

"Wote."

Alivua kandambili. Donatus akazichukua, akazikung'utia ndani ya kiroba, akazitupa ng'ambo ya kamba. Bi Kudra alipandisha kanga, akaingiza mguu mmoja karaini. Maji yalishuka kwenye kifundo, yakageuka kahawia.

"Katikati ya vidole," alisema Donatus.

Masalu alipitisha kidole gumba katikati ya vidole vya bibi, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anavyoosha mchanga.

"Kitendawili, Masalu," alisema Bi Kudra.

Masalu hakusema tega. Alichota maji mengine.

"Mguu wa pili, Mayu."