Sanduku la Tawla la Munif

Munif alilifungua sanduku la tawla, ule mchezo wa kete na dadu, kama alivyolifungua kila asubuhi kwa miaka arobaini: kwa mikono miwili, kila nusu upande wake, likalala chali mezani. Ndani kukasikika tak, kidogo tu. Binti yake Rihab akatoka jikoni mbio, kijiko cha kahawa mkononi.

Mtu wa mji wa Trablus hajui kulifungua sanduku la tawla namna nyingine. Lakini hili halikuwa na kete wala dadu tena. Ganda la kompyuta ya Rihab lilikuwa limevunjika, na bei ya mpya haikutajika nyumbani mle. Basi kwa wiki tatu alikuwa amechonga, akapima na kugundisha: nusu moja betri, bodi na kibodi, nusu ya pili skrini aliyoiokota kwenye duka la simu alikofanya kazi. Utepe wa waya uliounganisha nusu hizo ulikuwa mfupi, ndio pekee alioupata. Kifuniko kilitakiwa kisimame, kisilazwe kamwe.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Saa nne kamili kampuni moja ya Lyon ingempigia kwa video, afanye mtihani wa kazi wa saa moja na nusu mbele ya macho yao. Picha ikikatika, hakuna kurudia.

"Umefanya nini, baba?"

"Nimefungua tawla."

"Hiyo si tawla tena. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mkono umekwenda wenyewe."

"Jana haukwenda, juzi haukwenda. Umesubiri leo."

Munif aliwasha sigara. Mwezi mzima alikuwa amenuna. Lyon kuna nini, alikuwa akiuliza, zaidi ya mvua na watu wasiosalimiana ngazini? Hata alipoombwa sanduku alilitoa kwa shingo upande: "Chukua. Kesho utataka na mlango." Tangu mama yake Rihab afariki, nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, na kila mmoja alijua kungebaki nini mmoja akiondoka.

Rihab alifungua skrubu. Utepe haukuwa umekatika. Ulikuwa umechomoka nyuma ya skrini, na kishikizo kilichoubana kimevunjika vipande viwili. Akaurudisha, akabonyeza kwa kidole: picha ikaja. Akaachia: giza. Akabandika gundi ya karatasi, ikabanduka. Akakunja kikaratasi cha sigara ya baba yake, akakichomeka. Picha ikakaa kidogo, ikacheza, ikazimika.

Saa nne kasoro dakika nane.

"Umefanya kusudi," alisema, na sauti ilimtoka kavu. "Sema tu. Hutaki niende."

Munif alizima sigara. Akazunguka meza, akapiga magoti nyuma ya sanduku, magoti yake yakilia.

"Nionyeshe pa kubonyeza."

"Ni saa moja na nusu, baba."

"Nimekuuliza pa kubonyeza."

Rihab akamwekea kidole gumba mahali pake. Picha ikaja. Saa nne kamili simu ya Lyon ikaita.

Mama mmoja mwenye miwani alimsalimu, akampa maswali, akanyamaza akimtazama. Rihab akaanza kuandika. Kila alipoinua macho aliona nywele za baba yake juu ya kifuniko, na paji la uso. Nusu saa ya kwanza paji lilikuwa kavu. Kisha likaanza kutoka jasho.

Hapo ndipo alipokumbuka shaba. Sanduku lilikuwa jembamba, kwa hiyo kipande cha shaba cha kupoozea bodi alikuwa amekiacha kichomoze nyuma, karibu na bawaba. Hakikuwa kimemsumbua mtu, kwa kuwa hakuna aliyeweka mkono huko. Sasa kifundo cha mkono wa Munif kilikuwa kimekilalia, na mtihani ulikuwa ukiichemsha bodi.

Rihab akaacha kuandika. Kusema hakuweza, maana yule mama alikuwa akisikiliza. Akamtazama baba yake, akatikisa kichwa kidogo: achia. Munif akainua kichwa juu ya kifuniko, akamkazia macho, akaelekeza kidevu kwenye kibodi. Andika.

Angeachia tu, binti angebaki. Hakuna ambaye angemlaumu. Mkono umechoka, mzee wa watu. Rihab aliliona hilo waziwazi, akajua baba yake naye analiona, na aibu ya neno alilolisema ikamchoma rohoni. Akaandika haraka kuliko alivyowahi kuandika, machozi yakimdondokea, asithubutu kuyafuta.

Alituma jibu la mwisho zikiwa zimebaki dakika sita. Yule mama aligeuka, akanong'onezana na wenzake wasioonekana, akarudi na tabasamu. Alizungumza Kifaransa cha taratibu, na Munif alikuwa na Kifaransa chake cha shule, hakijafa chote. Walimtaka. Afike Septemba, tarehe za mwanzoni. Wakaagana.

Rihab alizunguka meza mbio. Ngozi ya kifundo ilikuwa imevimba, nyekundu, imetoka lengelenge.

"Achia, baba. Imekwisha."

"Najua. Nimesikia."

Lakini kidole kilibaki palepale kikibonyeza.